Kunguni ni wa Nyumba, Si wa Mpangaji

Nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba chumba kina kunguni, alinitazama mimi kabla ya kukitazama chumba. “Mwanangu,” akasema, “hapa kwangu hawajawahi kuwepo. Angalia huko ulikotoka.”

Nilikuwa nimelala usiku nne tu katika chumba hicho cha Mwika. Nilikuja kukusanya takwimu za utafiti wangu wa shahada ya uzamili kuhusu mashamba ya migomba na kahawa, na nilikuwa nimeshalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama tunavyolipa wengi. Nikamwomba radhi mama, nikarudi chumbani. Yaani niliomba radhi kwa kuumwa na kunguni. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike.

Kitanda kilikuwa cha nyumba. Nilipokigeuza nilikuta kwenye maungio ya mbao madoa meusi na maganda makavu, ya ukubwa tofauti tofauti. Kunguni hupita hatua tano kabla ya kukomaa. Kila hatua huhitaji mlo wa damu na huacha ganda. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa. Maganda yale hayakuwa ya siku nne. Walikula kwa mtu aliyenitangulia, na pengine kwa aliyemtangulia huyo.

Sisemi kwamba mpangaji hawezi kuwaleta. Anaweza. Kunguni husafiri kwenye begi, kwenye godoro la mkononi, kwenye shuka la hosteli. Ila swali la nani aliwaleta halimwondoi hata mmoja. Linachofanya ni kumfunga mtu mdomo, na kunguni hustawi pale watu wanaponyamaza.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita mstari mmoja, chini ya bati moja, kuta zisizofika juu. Baada ya wiki mbili niligundua kwamba vyumba vitano vina kunguni, na kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake. Mwalimu wa chumba cha pili alikuwa akitoa godoro nje alfajiri, kabla hatujaamka, na kuliingiza kabla ya saa moja. Mwezi wa Saba huku mlimani ukungu unaweza kukaa mpaka mchana. Godoro lilirudi na baridi yake na kunguni wake. Kijana wa bodaboda wa chumba cha mwisho alipata dawa ya kahawa, amepimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akanyunyiza kitandani, akafunga dirisha, akalala. Asubuhi tulimkuta mlangoni anatapika, macho yanamtiririka machozi. Tulimkimbiza hospitali. Alipona. Alichotuomba njiani ni tusimwambie mama mwenye nyumba kilichosababisha.

Hapo ndipo nilipoacha kuona kwamba hili ni suala la usafi. Kijana alikuwa tayari kufa kuliko kusema neno “kunguni”.

Wapo wanaosema, nunua dawa ya kopo upulize, yataisha. Hayaishi. Mayai hayafi kirahisi kwa dawa, na huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Asiyerudia kupuliza anawasubiri watoto wao. Ukipuliza chumba kimoja, wanahamia cha jirani kwa kupita juu ya ukuta. Na dawa zenyewe zimezoeleka. Hili limeonekana katika mkoa jirani: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba katika vijiji vya Muheza, Tanga, kunguni wa nyumba zenye vyandarua vya dawa walikuwa wamejenga usugu dhidi ya viuatilifu vya jamii ya pairethroidi. Makopo mengi ya dukani yana dawa za jamii hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuwa ya mpangaji mmoja na kopo lake. Vyumba vyote vipulizwe siku moja na mtu anayejua dawa, virudiwe baada ya wiki mbili, nyufa zizibwe, nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Nani ana mamlaka ya kufungua vyumba vyote sita siku moja? Mwenye nyumba peke yake.

Sheria nayo inasema hivyo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamhesabu anayepangisha chumba cha kuishi kuwa ameahidi, hata kama mkataba umenyamaza, kwamba chumba kinafaa kuishi siku mpangaji anapoingia na kitaendelea kufaa. Lakini sheria ya zamani iliyodhibiti upangaji ilifutwa mwaka 2005, na hakuna mtu atakayepanda gari kutoka Mwika mpaka Moshi mjini kulishtakia Baraza la Ardhi na Nyumba kunguni. Ahadi imebaki kwenye karatasi.

Najua mama mwenye nyumba si tajiri. Vyumba vile ndivyo pensheni yake, na fundi wa kupuliza ana gharama. Lakini kodi ya miezi sita ya vyumba sita inaingia mkononi mwake kabla hatujalala hata usiku mmoja. Sehemu ndogo ya fedha hiyo ni ya kukitunza anachokiuza.

Sisi wapangaji nasi tuna deni letu: kusema mapema, kuwaambia majirani, kutoingiza godoro tusilolikagua, kuandika kwenye mkataba nani anapuliza na lini. Na kuacha kuona aibu.

Siku niliyohama nilimkuta mama anamwonyesha binti mmoja chumba changu. Binti alikuwa ameshika bahasha ya kodi. Nikamwamkia mama, “Shikamoo mama,” akaitikia. Kisha nikamwambia yule binti ainue godoro kwanza, aangalie maungio ya kitanda, ndipo alipe. Mama alinuna. Binti aliweka bahasha kwenye mkoba, akainama kuangalia.