Pikapu ya umeme: Kwa safari za Tabora, anza na betri kabla ya mota

- Mota ya pili husaidia kwenye tope, lakini haikufikishi mbali zaidi.
- Tabora hadi Kaliua na kurudi ni kama kilomita 250, zaidi ya mwendo wa chaji moja wa Hilux mpya ya umeme.
- Marekani, waliowahi kuweka oda walikuta bei na mwendo vimebadilika.

Tabora. Mtu anayenunua pikapu mkoani Tabora huwa na maswali mawili: inabeba kilo ngapi na inakula mafuta kiasi gani. Kwa pikapu ya umeme linaongezeka la tatu, nalo ndilo zito zaidi: ikijaa chaji itanifikisha wapi, na je, itanirudisha?

Swali hili si la Wamarekani tu tena. Novemba 2025 jijini Bangkok, Thailand, Toyota ilizindua Hilux mpya, likiwemo toleo la umeme tupu. Hilux ndiyo gari ambalo ofisi, wakandarasi na wafanyabiashara wengi wa mikoani wamelizoea. Likija la umeme, kuna watakaotamani kuweka oda mapema.

Kabla ya kulipa, ni vizuri kuelewa unachochagua.

Mota ni nguvu, betri ni umbali

Kampuni nyingi humpa mteja machaguo mawili: idadi ya mota na ukubwa wa betri. Watu huvichanganya.

Mota moja huzungusha magurudumu ya mbele au ya nyuma pekee. Mota mbili huzungusha yote manne, kwa hiyo gari linashika vizuri kwenye tope na mchanga. Mota ya tatu au ya nne huongeza kasi na nguvu, lakini umbali unategemea zaidi betri, uzito wa gari na mzigo uliopakia.

Mfano mzuri ni Cybertruck ya Tesla. Toleo la mota tatu lililotoka mwaka 2023 lilitajwa kwenda kilomita 515 kwa chaji moja. La mota mbili, ambalo ni la bei ya chini, lilitajwa kwenda 547. Yaani mteja alilipa dola 20,000 zaidi akapata mbio nyingi na umbali mdogo.

Hesabu ya Tabora

Hilux ya umeme haikupi uchaguzi mpana. Ina mota mbili na betri ya kilowati-saa 59.2, yaani uniti 59.2 kama zile unazonunua kwenye LUKU. Kwa kipimo cha Ulaya inakwenda takribani kilomita 240, na inabeba kama kilo 715.

Hizo 240 ni za kwenye vipimo. Ukipakia mzigo, ukiwasha kiyoyozi, ukikimbia barabara kuu na kubakiza chaji ya dharura, ni busara kupanga safari kwa kilomita 180 au pungufu. Ukifunga tela ndiyo kabisa: majaribio mengi ya pikapu za umeme Marekani yameonyesha kuwa kuvuta tela zito hupunguza mwendo hadi karibu nusu.

Sasa weka namba hizo kwenye ramani. Tabora hadi Sikonge ni kama kilomita 70. Kwenda na kurudi ni 140, unarudi bila presha. Urambo ni kilomita 94, kwenda na kurudi 188. Hapo unacheza pembeni. Nzega ni kilomita 115 na Kaliua kama 125, kwa hiyo huko lazima uchaji kabla ya kurudi. Dodoma, karibu kilomita 390, haifikiki kwa chaji moja.

Ishu inayofuata ni muda wa kuchaji. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takribani kilowati 3, kwa hiyo betri hiyo itahitaji kama saa 20 kujaa. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 itachukua saa tisa hivi. Ukifika Kaliua saa tano asubuhi chaji ikiwa imekwisha, safari ya kurudi ni ya kesho.

Misafara ya zamani iliijua hesabu hii

Barabara ya Dodoma, Manyoni na Itigi hadi Tabora inapita maeneo yaleyale ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji katika karne ya 19. Kabla ya kuingia Unyamwezi kulikuwa na pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja, lakini pori hilo halikuvukwa kwa nguvu za mabega peke yake.

Msafara ulipangwa kwa visima. Pale ambapo kisima kilikuwa mbali walifanya terekeza: walijaza maji vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala njiani pasipo na maji na kufika kisimani siku ya pili. Wapagazi wenye nguvu zaidi hawakukifanya kisima kiwe karibu.

Pikapu ya umeme ni hivyohivyo. Vituo vya kuchaji magari kwa haraka bado havijatapakaa Tanzania kama sheli za mafuta. Jua kwanza kisima chako kiko wapi, ndipo ufikirie mota.

Tope nalo lina haki yake

Kuna hoja ya upande wa pili, tena ina uzito. Mvua za Tabora hunyesha takribani Novemba hadi Aprili, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa haumwachi mtu. Anayefuata tumbaku, asali au mpunga vijijini anahitaji magurudumu yote manne yavute. Kwa mtu huyo mota ya pili si anasa. Mota ya tatu ndiyo fahari.

Anayesambaza soda na saruji mjini kwa kilomita 60 kwa siku hana haja ya mota mbili wala betri kubwa. Atakuwa amelaza pesa zake kwenye betri asiyoitumia.

Na mwenye safari za Kaliua kila wiki anaweza kutazama pikapu yenye umeme na petroli, kama BYD Shark iliyozinduliwa Mexico mwaka 2024. Hiyo huenda takribani kilomita 100 kwa umeme, kisha petroli inaendelea na safari. Hata Ford ilitangaza Desemba 2025 kuachana na F-150 Lightning ya umeme tupu, na kwamba itakayofuata itakuwa na jenereta ya kuchajia betri.

Akiba ipo, lakini kwa masharti

Tuseme uniti moja ni shilingi 356 na dizeli ni shilingi 2,800 kwa lita. Kujaza betri ya Hilux, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni uniti 65 hivi, karibu shilingi 23,000. Kwa kilomita 180, hiyo ni kama shilingi 130 kwa kilomita.

Pikapu ya dizeli inayotumia lita 10 kwa kilomita 100 itakula shilingi 280 kwa kilomita. Ukitembea kilomita 2,500 kwa mwezi, unaokoa kama shilingi 375,000. Sharti ni moja: uchaji kwako, usiku, na safari zako ziishie ndani ya mwendo wa betri.

Oda si bei

Mwaka 2019 Tesla ilipokea dola 100 za kushika nafasi, ikiahidi Cybertruck ya mota tatu kwa dola 69,900 na mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Miaka minne baadaye ilitoka kwa dola 99,990, na mwendo ni ule wa kilomita 515. Lightning ya bei ya chini ilitangazwa mwaka 2021 kwa dola 39,974. Kufikia Machi 2023 ilikuwa dola 59,974, kabla ya kushushwa tena Julai.

Rivian ilipandisha bei Machi 2022 hata kwa waliokwisha kuweka oda, na ikarudi nyuma ndani ya siku mbili baada ya wateja kuja juu. Ukiwa Tabora na muuzaji yuko ng'ambo, kelele zako zitafika wapi?

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti, pata majibu haya kwa maandishi:

- Pesa ya oda inarudishwa, na ndani ya siku ngapi?
- Bei imefungwa, au ni makadirio? Usafirishaji na kodi za TRA zimo?
- Mwendo uliotajwa ni kwa kipimo gani, na ukiwa na mzigo wa kilo ngapi?
- Dhamana ya betri inatambulika Tanzania, na nani ataitengeneza?

Muuzaji akikwepa hata moja, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Subiri gari lifike, lipakie mzigo wako wa kawaida, liendeshe hadi Urambo na kurudi, halafu soma chaji iliyobaki.