Kubazi Linalofaa Ofisini

Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua la Mbangala mkoani Songwe huwa kali. Hata hivyo, si ajabu kumwona karani au mwalimu akienda kazini amevaa viatu vya kufunika, vya plastiki iliyofanywa ifanane na ngozi, kwa kuwa hudhaniwa kwamba mguu ulio wazi ni utovu wa heshima. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa mizani ya sayansi.

Unyayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi za jasho. Jasho linapogeuka mvuke huchukua joto na kuupoza mguu. Ndani ya kiatu kisichopitisha hewa mvuke hauna njia ya kutokea. Unyevu hubaki katikati ya vidole, ngozi hulainika, na kuvu hupata makao. Soksi ya pamba hunyonya sehemu ya jasho, lakini ikishalowa haikauki upesi. Mtumishi aliyeibana miguu kwa ajili ya adabu, kisha akaishia kuvua viatu chini ya meza, hakupata adabu wala afya.

Waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma ulidai heshima, na ni haki. Ila heshima ya kiatu haipimwi kwa wingi wa mguu uliofichwa. Kubazi safi la ngozi nyeusi au ya kahawia, lenye mikanda mipana na ukanda wa nyuma ya kisigino, ni vazi la kazi kamili. Ndala ni jambo jingine. Hiyo hushikwa na gidamu peke yake, hivyo vidole hulazimika kuikamata kila hatua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walionyesha mwaka 2008 kwamba wavaaji wake hupiga hatua fupi kuliko wavaao raba. Zaidi ya hayo, hupigapiga sakafu kiasi cha kuwakera wote walio katika chumba.

Ngozi ya mnyama hufaa kwa sababu imefumwa kwa nyuzi za kolajeni, na kati ya nyuzi hizo mvuke hupita. Ili isioze hutiwa dawa. Mojawapo ni tanini itokayo katika magome ya miwati, miti ambayo kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 iliipanda kwa wingi huko Njombe. Dawa nyingine ni chumvi za kromiamu, ambazo huwawasha baadhi ya watu. Mwenye kuwashwa na viatu vya ngozi atafute ile ya magome. Ngozi ya bandia hujulikana kwa kutazama ukingo uliokatwa: ya kweli huonyesha nyuzi, ya bandia aghalabu huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki.

Mnunuzi na apime kubazi alasiri, kwa maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea. Asimame, si kukaa, na kidole kirefu kisifike ukingoni mwa soli. Kisha alikunje: soli njema hupinda pale vidole vinapoanzia; ikipinda katikati haiubebi mguu. Soli ya mpira wa gari, inayodharauliwa na wengi, hudumu sana, na ikiwekewa ngozi juu yake fundi wa kijijini hutoa kiatu kisichoaibisha kikao chochote.

Wakati wa matope kubazi halitoshi, maana viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya ngozi inayogusa udongo wenye unyevu. Wala lisiingie maabara. Tone la asidi au kipande cha chupa iliyovunjika hakichagui msimu, na mwalimu wa kemia hana budi kuweka jozi ya viatu vya kufunika karibu na mlango wa maabara, avibadilishe kabla ya kipindi, na wanafunzi wake vivyo hivyo.