Mimbari ni ya Injili

Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowakataza wanasiasa kuhutubia kwenye mimbari za Kanisa la Kianglikana nchini Kenya, wengi tulishukuru. Lakini hapa kwetu Kibera, Nairobi, na Kawangware pia, mimbari nyingine zimetekwa na ahadi za utajiri. Mama anayefulia watu nguo anaambiwa “apande mbegu”, yaani atoe sadaka, ya shilingi elfu moja ndipo Mungu amfungulie milango. Huyo anahitaji kusikia kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zake, akafufuka siku ya tatu, na wokovu hauuzwi. Chakula na karo za watoto kanisa liendelee kutoa, ila visichukue nafasi ya Injili. Wachungaji wetu, tuhubirieni msalaba kila Jumapili.