Vitamu vya Mreno na Visheti vya Shangazi

Majuzi nilikuwa Loitokitok, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya, katika nchi ya Wamaasai. Baada ya sala ya adhuhuri nilikaribishwa chakula katika hoteli ya ndugu zetu Waislamu: ugali wa mahindi ya huko huko, mchuzi wa mbuzi, na pilipili pembeni. Chai ilipoletwa nikafungua mkebe wa visheti niliotoka nao Mombasa. Kijana aliyekuwa akituandalia akaonja kimoja, akauliza, "Mzee, hivi hupikwaje?"

Sikuwa na jibu. Amevipika shangazi yangu wa Kibokoni, naye kipimo chake ni kiganja na jicho. Binti zake hawajui, nami ndiyo kabisa.

Hapo nikaikumbuka Lisbon, nilikopata kufika zamani kidogo. Mtaa wa Belém una duka la vitamu lililofunguliwa mwaka 1837, na lipo hadi leo. Kitamu chenyewe ni kijikombe cha unga wa matabaka membamba, ndani mna maziwa na viini vya mayai, juu hunyunyizwa sukari na mdalasini. Yasemwa kilianzia kwa watawa wa Jerónimos, waliobakiwa na viini vingi kwa kuwa ute mweupe ulitumika kukazia nguo. Nyumba za watawa zilipofungwa mwaka 1834, upishi ule ukatoka nje ukawa biashara.

Mimi nilikula katika duka jingine, dogo, lisilo na jina kubwa. Nilianza kwa samaki wa kuchoma, kisha nikauliza mafuta ya vitamu ni ya nini, maana baadhi ya vitamu vya Kireno hutiwa mafuta ya nguruwe, na vingine mvinyo. Mama muuzaji akaniambia ni siagi tupu. Basi nikala vitatu. Cha nne kilinishinda kwa haya tu, si kwa shibe.

Najua wako watakaoguna. Mreno ndiye aliyeichoma Mombasa mwaka 1505, akaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na hakung'oka humo ila mwaka 1698 baada ya Waomani kumzingira miaka karibu mitatu. Hayo hayasahauliki. Lakini meza niliyolia Loitokitok ni neno lake, na leso ya mama zetu vile vile. Mahindi na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na merikebu za Wareno zilikuwa miongoni mwa zilizovileta pande zetu. Naye mdalasini wake aliufuata katika bahari hii yetu ya Hindi.

Linalonikera ni kwamba yeye kitamu kimoja amekitunza karibu miaka mia mbili, nasi vileja, kaimati, visheti na mkate wa sinia twaviachia vikongwe, tukivikumbuka Idi ikikaribia. Akifa bibi, hufa na sinia lake. Kwani kuna ugumu gani mjukuu, wa kike au wa kiume, kukaa jikoni na daftari?

Niliporudi nilimwomba shangazi apike mbele yangu, mizani ikiwa mezani. Alicheka sana, kisha akaniambia nije Alhamisi, na unga nije nao mwenyewe.