Kalenda ya Mvua na Kalenda ya Bajeti
Barua ya wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Kitui

Kitui hupata misimu miwili ya mvua: mvua ndefu, Machi hadi Mei, na mvua fupi, Oktoba hadi Desemba. Msimu unaojaza ghala za Ukambani ni huu wa pili; mvua za Machi huja kwa kubahatisha.

Wastani wa mwaka ni kati ya milimita 500 na 1,050. Vilima vya Kitui ya Kati hupata zaidi, nyanda za Mutomo na Ikutha hupata kidogo. Lakini wastani haumlishi mtu. Mvua ya msimu mzima huweza kumwagika kwa siku chache za Novemba, kisha jua likashika wiki tatu mahindi yakianza kutoa mbelewele.

Chanzo cha kigeugeu hicho kiko baharini. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kukiwa na joto kuliko mashariki, mvua fupi huzidi, kama mwaka 1997 na 2019. Hali ikigeuka, hasa La Niña ikitawala Pasifiki, mvua hutoweka: kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika maeneo kame ya Kenya.

Wakulima wengi hupanda ardhi ikingali kavu, ili ndengu, inayokomaa kwa miezi miwili na kitu, isikose hata mvua ya kwanza. Mwaka wa fedha wa kaunti nao huanza Julai 1. Zabuni, malipo na usafirishaji wa mbegu za kaunti kwa wakulima vina miezi mitatu tu kabla ya mvua fupi, na mbegu inayofika mwisho wa Novemba haina tena shamba la kwenda. Inafaa Septemba 30 iwe siku ya mwisho ya mbegu kufika kila wadi.

Juni hadi Septemba hakuna mvua ya maana, na silanga, yaani bwawa la udongo lililo wazi, hukauka kwa jua. Lakini maji ya bwawa la mchanga, yaani ukuta unaozuia mchanga mtoni, hujificha chini ya mchanga huo. Watu huyafikia kwa kuchimba kisima mtoni na kukizungushia miiba mifugo isiingie. Kwa hiyo lori linalochota mchanga wa mto Tiva au Thua huondoka na tangi la kijiji. Ulinzi wa mchanga huo hauhitaji kusubiri bajeti. Ujenzi wa mabwawa mapya ndio unaoihitaji, tena mapema, mto ukiwa mkavu: ukuta ulioachwa nusu Oktoba huweza kubomolewa na mafuriko ya kwanza.