MAMBO YA MOTOKAA: Mlima Husingiziwa Mengi

Wenye magari ya zamani katika Kitale na Bungoma wanayo lawama moja: gari likipakiwa magunia ya mahindi hushindwa na kilima ambacho mwaka uliopita lilikipanda bila taabu. Dereva husema kosa ni la mlima. Fundi asiye na subira husema silinda zimekwisha, na mwenye gari huuza ng'ombe ili injini ichongwe upya. Huenda wote wawili wamekosea, na ng'ombe amekwenda bure.

Kwanza mlima upewe haki yake. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Kadiri nchi inavyoinuka, hewa huwa nyepesi. Uzito wake hupungua kwa karibu asilimia 15 Bungoma na karibu asilimia 20 Kitale, na injini isiyo na chombo cha kuisukumia hewa hupoteza nguvu takriban kwa kadiri hiyo. Lakini mlima haubadiliki mwaka hata mwaka. Tena, gari likiteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Bungoma, sehemu ya nguvu hiyo yapasa irudi. Lisipopata nafuu hata huko, aliyeiba nguvu yumo ndani ya injini.

Mwizi huyo aweza kuwa mnyororo wa taimingi. Ndani ya injini mna chuma kirefu chenye vinundu, nacho huitwa kemushafti. Kazi ya vinundu hivyo ni kufungua valvu, za kuingiza hewa na petroli na za kutoa moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kemushafti huzunguka mara moja tu. Katika magari kama Land Rover za kale na Peugeot 404, ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, vyuma hivi viwili huunganishwa kwa mnyororo.

Valvu ya kuingiza haifungwi pistoni ifikapo chini kabisa, huchelewa kidogo. Sababu ni kwamba hewa iliyokwisha kushika mbio huendelea kuingia, kama watu wanaosukumana mlangoni. Injini ikizunguka upesi, kuchelewa huko ni faida. Ikizunguka polepole, hewa haina mbio. Valvu ikichelewa mno, pistoni inayopanda huirudisha hewa ilikotoka. Basi mnyororo ukilegea kwa uzee, kemushafti huachwa nyuma ya krenki, na valvu zote huchelewa. Gari hukimbia vizuri kwenye tambarare, lakini kilimani na mzigo hukosa pumzi. Kwa sababu hiyo hiyo, kemu ya magari ya mashindano haimfai mkulima: nguvu yake huja injini ikilia kwa kasi, si ikivuta mahindi.

Ipo njia ya kupima isiyogharimu senti. Gari lizimwe, gia itolewe, na waya wa betri ufunguliwe. Kifuniko cha distribyuta kiondolewe, kisha krenki izungushwe kwa mkono upande mmoja, halafu irudishwe taratibu. Ikiwa krenki yazunguka nyuzi nyingi kabla rota haijatikisika, mnyororo umelegea. Katika injini hizi distribyuta huendeshwa na kemushafti. Kwa hiyo cheche nayo huchelewa. Fundi akiigeuza distribyuta tu, cheche itapona, lakini valvu zitabaki na ugonjwa wao.

Kisha kompresheni ipimwe. Silinda moja ikiwa dhaifu peke yake, shaka iwe juu ya valvu au ringi zake. Zote zikipungua kwa kadiri moja, na mafuta kidogo ya injini yakitiwa ndani yasiongeze kipimo, ringi hazina hatia, na mnyororo ndio wa kuchunguzwa. Ikumbukwe pia kwamba kitabu cha gari kikitaja 150, Kitale kipimo cha 120 si ugonjwa. Ni hewa nyepesi.

Mnyororo mpya ukitiwa, alama za magurudumu ya meno zilingane kabisa. Gurudumu la krenki likiwa na meno 20, kukosea jino moja ni kukosea nyuzi 18. Kabla ya kuwasha, injini izungushwe kwa mkono mara mbili kamili. Ikigoma, isilazimishwe, kwani valvu yaweza kuwa imegusa pistoni.

Mnyororo ni bei ndogo kuliko kuchonga injini. Mwenye gari mwenye busara hupima kwanza, ndipo afungue mfuko.