Mgonjwa wa saratani naye ana lake la kusema

Kila baada ya muda hapa Mombasa huundwa kundi jengine la WhatsApp la kuchangia bili ya hospitali. Mgonjwa ni wa saratani, yuko chumba cha mahututi, na bili yapanda kila kukicha. Tunachanga, na hilo ni jambo la kheri. Lakini kuna suali ambalo hakuna anayethubutu kuliuliza kundini: mgonjwa mwenyewe alitaka nini?

Suali hili lilinifika nyumbani. Khalati yangu aliugua saratani ya tumbo, ikaenea hadi kwenye ini. Daktari alituita kando, mimi na wanawe, na tukakubaliana asiambiwe. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Mara mbili aliniuliza, "Mwanangu, mbona mwanificha?" Nikamjibu atapona, inshallah.

Siku alipozidiwa, mwanawe mmoja alitaka arudishwe nyumbani Majengo. Mwengine akasema tukimtoa hospitali tutakuwa tumemuua. Walitoleana maneno mazito pale pale ukumbini. Akatiwa mashine ya kupumulia, akakaa siku tisa bila ya kusema neno, kisha akafariki. Kwamba alikuwa na amana ya jirani, mkufu wa dhahabu, tulikuja kujua matangani. Na wale ndugu wawili hadi leo hawazungumzi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Siku hizi wafichaji ni sisi jamaa. Tunaficha kwa mapenzi, tukichelea mgonjwa atakata tamaa. Lakini mwili wake umeshamwambia.

Hili si la nyumba yangu pekee. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiwekea Kenya wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000 kwa mwaka. Wengi hufika kwa daktari maradhi yamekwisha kuenea, kwa hivyo nafasi ya kuzungumza ni ndogo.

Wachache wanajua kuwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imetupa mlango. Inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na haki ya kukataa tiba. Inamruhusu pia kumteua kwa maandishi mtu wa kutoa idhini ya matibabu kwa niaba yake akiwa hawezi tena. Asipoteua, wataulizwa jamaa, na jamaa ndio sisi tuliogombana ukumbini.

Wako watakaosema huku ni kumkatia mtu roho. Sivyo. Kumuua mgonjwa ni haramu, na ni kosa la jinai. Kuiacha tiba ambayo madaktari wamesema haina faida tena ni jambo jengine, na maulamaa wengi hawakuihesabu tiba ya aina hiyo kuwa wajibu. Mwenye shaka na amuulize sheikh anayemuamini, lakini aulize mapema. Mtume (SAW) alitufundisha kuwa Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Hakusema angoje hadi azidiwe.

Na kurudi nyumbani si kuachwa uteseke. Mombasa tuna Coast Hospice, ambao kazi yao ni kuwatuliza wagonjwa kama hawa na kuwaelekeza jamaa. Wengi wetu tunaiogopa mofini tukidhani ni dawa ya kuharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, kazi yake ni kuondoa maumivu, ili mtu aweze kusali, kula kidogo na kuzungumza na wanawe.

Serikali ina sera ya huduma hizi ya mwaka 2021 hadi 2030. Hospitali za kaunti zetu za Pwani ziitekeleze kwa jambo moja jepesi: mgonjwa wa saratani aulizwe mapema nani atamsemea, na jina liandikwe kwenye faili lake.

Sisi nasi tuanze nyumbani. Ukiwa na mgonjwa, kaa naye baada ya Magharibi, wageni wakishaondoka. Muulize angependa kujua kiasi gani, atake kuwa wapi hali ikizidi, nani amsemee, na nani anamdai au ana amana yake. Akisema hataki kujua, muheshimu. Akiuliza mbona mwanificha, usimjibu nilivyojibu mimi.